Mbwa Akikataa Kuinamia Sahani

Mpenzi msomaji, leo jioni utakapomwekea mbwa wako chakula, mwangalie. Usimwangalie mdomo, mwangalie shingo. Mbwa mzima huinamia sahani bila kufikiri, akala, akalamba mpaka sakafu, kisha akainua kichwa kukutazama kama kuna nyongeza. Lakini yuko mbwa ambaye atakuja akinusa, asimame mbele ya chakula, ashushe kichwa nusu ya njia, halafu asite na kurudi nyuma. Utasema ameshiba. Utasema jirani amemlisha. Utasema ana minyoo, maana kwetu sisi ugonjwa wa kwanza wa mbwa ni minyoo, na wa pili ni uvivu. Sasa inua sahani ile uiweke juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akila chote bila kusita, basi tumbo halina kosa. Anza kuishuku shingo.

Jambo hili dogo la ndoo sikufundishwa na daktari. Nilifundishwa na binti yangu wa miaka 9, na nilichelewa kumsikiliza.

Mbwa wetu anaitwa Bosi. Ni mfupi wa miguu, mrefu wa kiwiliwili, na masikio yake hugusa maji akinywa. Jirani aliyetuachia alipohama Nairobi alituambia kwamba mamake Bosi alikuwa Dachshund, wale mbwa ambao watoto huwaita soseji. Babake hajulikani, kama ilivyo kwa mbwa wengi wa mitaa yetu. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka 5, mchangamfu, mwenye kumbwekea mchukuzi wa maji na kunyamazia wezi.

Ishara ya kwanza aliyotupa tuliisherehekea. Bosi alikuwa na mazoea ya kurukia kochi kila jioni, na mke wangu mazoea ya kumfukuza. Ghafla akaacha. Alikuwa akija mbele ya kochi, analitazama, anaweka mguu mmoja wa mbele juu yake, kisha anajilaza zuliani. Tukasema, ama kweli mbwa ameshika adabu. Ishara ya pili ilikuwa sahani. Ishara ya tatu ilikuwa ukelele. Binti yangu alimbeba kama alivyozoea, mikono yote miwili chini ya makwapa, miguu ya nyuma ikining'inia, na Bosi akalia kwa sauti iliyotutoa sote jikoni mbio. Nilimgombeza mtoto. Nilidhani amemminya. Akaniambia huku machozi yakimlengalenga, "Baba, sikumfanya kitu. Shingo yake inamuuma. Hata chakula anakula nikimwekea juu ya ndoo." Sikumjali. Nilikwenda katika duka la dawa za mifugo nikarudi na vidonge vya minyoo.

Jumamosi iliyofuata Bosi alitoka kibandani akiyumba kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikwenda upande wake, ya mbele ikajikwaa, na kufikia saa nne asubuhi hakuweza kusimama bila kushikwa.

KINACHOHARIBIKA

Kabla sijakueleza yaliyompata, ni vizuri ujue kilichomo ndani ya mgongo ule. Uti wa mgongo wa mbwa umeundwa kwa pingili: 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno, na 3 za nyonga zilizoshikamana, kisha zile za mkia ambazo idadi yake hutofautiana. (Shingo yako wewe msomaji pia ina pingili 7, na hata twiga wa Mbuga ya Nairobi ana hizo hizo 7, ila zake ni ndefu.) Ndani ya pingili hizo umepita ugwe wa mishipa ya fahamu, ambao hupeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za miguu kwenye ubongo. Kati ya pingili na pingili kuna kijisahani laini kiitwacho diski. Nje yake ni mviringo mgumu kama tairi. Ndani ni ute mzito, laini kama nyama ya dafu, unaopunguza mtikisiko mbwa arukapo.

Mbwa wafupi wa miguu, kama vile Dachshund, Pekingese na Shih Tzu, pamoja na French Bulldog na Beagle, wana balaa la kuzaliwa nalo. Ule ute wao hukauka mapema mno, wengine kabla hata ya kutimiza miaka 2, ukawa mgumu kama chokaa. Siku moja mbwa anaruka kutoka kitini, au anageuka kwa kasi kumfukuza paka, na mviringo wa nje unachanika. Ile chokaa hufyatuka na kuugonga ugwe wa fahamu ulio juu yake. Ndiyo maana mbwa anaweza kulala akiwa mzima na kuamka akiburura miguu. Aghalabu jambo hili hutokea kati ya miaka 3 na 7, yaani mbwa akiwa katika nguvu zake, wala si uzeeni kama wengi wadhanivyo.

Kwa mbwa wakubwa mambo huenda taratibu. Mviringo wa nje hunenepa na kuvimba mwaka baada ya mwaka, ukaubana ugwe polepole. Aina hizi mbili zilielezwa mwaka 1952 na daktari wa mifugo wa Uswidi, Hans-Jörgen Hansen, na mpaka leo madaktari huzitaja kwa jina lake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waligundua chanzo cha aina ya kwanza. Ni nakala ya ziada ya jeni moja, na nakala hiyo hiyo huchangia kuifupisha miguu. Kwa hivyo kile kinachofanya mbwa huyu apendeze machoni ndicho kinachomkausha diski. Miongoni mwa Dachshund, takriban mmoja katika kila 5 hupatwa na maradhi haya maishani mwake. Na usijidanganye kwamba wako ni chotara tu wa mtaani. Tazama miguu, usitazame cheti cha ukoo.

LUGHA YA SHINGO NA LUGHA YA MGONGO

Mbwa mwenye maumivu ya shingo huishi kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Kichwa kinakaa chini, usawa wa mabega au chini zaidi, na hakigeuki. Mwite kutoka upande wa kushoto, kisha kutoka upande wa kulia. Mbwa mzima atageuza kichwa. Huyu atazungusha macho tu, au atageuza mwili mzima kama lori katika barabara nyembamba. Misuli ya shingo hukakamaa, na pengine utaiona ikitetemeka chini ya ngozi ilhali hakuna baridi. Wakati mwingine anasimama akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele kidogo, kama aliyechomwa na mwiba. Unatafuta mwiba huo kwenye unyayo, huuoni. Mwiba uko shingoni, pale mshipa wa fahamu wa mguu huo unapotokea. Ukimgusa kichwa ghafla hulia, na mbwa mpole aliyelelewa na watoto anaweza kuuma kwa sababu hiyo tu.

Tafadhali usimgeuze shingo kwa mikono ili kujaribu. Tumia sauti, au kipande cha nyama mbele ya pua, umwache ageuke mwenyewe kadiri awezavyo.

Mgongo una namna yake ya kulalamika. Mbwa hujikunja kama upinde, mgongo juu, tumbo limekazwa. Ukimpapasa tumbo unalikuta gumu kama ubao, naye anaguna, basi unaamua kuwa ni tumbo na kumpa dawa ya tumbo. Kosa hili hufanywa na watu wengi wenye nia njema. Lakini tazama mambo mengine. Je, anahara? Anatapika? Kama hapana, na kama anasita mbele ya ngazi, anakataa kupanda gari alilokuwa akilipenda, anazunguka mara nyingi kabla ya kulala, anatetemeka akisimama, hebu pitisha mkono wako polepole kando ya uti wa mgongo bila kubonyeza kwa nguvu. Mara nyingi utahisi misuli ikijikaza pale mbavu zinapoishia na kiuno kinapoanza. Kwa mbwa wafupi, diski nyingi za mgongoni huharibika papo hapo.

Baada ya maumivu hufuata miguu, na hapa sikio lako linaweza kukusaidia kuliko jicho. Mbwa akitembea juu ya sakafu ya saruji, kucha zake hupiga mdundo. Ukianza kusikia mkwaruzo, kama mtu anayeburura kandambili, mkague kucha za miguu ya nyuma, hasa zile mbili za katikati. Zikiwa zimelika kwa juu, basi amekuwa akiburura miguu kwa siku nyingi bila wewe kuona. Mtazame kwa nyuma pia. Je, nyonga zinayumba? Miguu inapishana kama mkasi akigeuka kona? Pengine ananyanyua mguu wa nyuma juu kupita kiasi, kama asiyejua ardhi iko wapi. Kwa hakika hajui. Habari za unyayo hazifiki ubongoni.

Liko jaribio moja unaloweza kulifanya nyumbani bila kumwumiza, ikiwa hachachamai. Asimame juu ya zulia au jamvi ili asiteleze. Mshike mwili kwa mkono mmoja chini ya tumbo ili uzito usimwelemee. Kwa mkono wa pili, ukunje unyayo wa mguu wa nyuma ili mgongo wa unyayo uguse sakafu, kisha uachilie. Mbwa mzima huurudisha mara moja, hata kabla hujaondoa vidole vyako. Mbwa ambaye ugwe wake umebanwa huuacha vivyo hivyo, sekunde moja, mbili, tatu, kana kwamba si mguu wake. Ukiona hivyo, huna haja ya kujaribu mara ya pili. Mtafute daktari siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho katika ishara, na ambalo wengi hulisahau kabisa, ni mkojo. Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma huenda pia akashindwa kukojoa. Kibofu hujaa mpaka kikafurika, kisha mkojo ukadondoka matone matone akiinuliwa, nawe ukafurahi kwamba anakojoa. Hakojoi, anavuja. Jiulize: lini mara ya mwisho alikojoa kwa hiari yake, akasimama au akachuchumaa kama kawaida? Ikiwa ni tangu jana, usingoje kesho.

SI KILA AYUMBAYE NI MGONGO

Siku ile Bosi alipoyumba, majirani walikusanyika langoni na kila mmoja alikuwa na hukumu yake. Mmoja alisema amelishwa sumu. Mwingine alisema ni kichaa na kwamba askari wa zamu anayo rungu ya kummaliza. Mpenzi msomaji, hili la kichaa silifanyii mzaha, kwa sababu kichaa cha mbwa kingalipo nchini na kinaua watu. Tena aina yake moja haina ukali wowote. Mbwa hupooza, taya likalegea, mate yakachuruzika, sauti ikabadilika. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa kooni, akatia mkono kinywani, na huo ukawa mwisho wake.

Kwa hivyo kabla ya kumgusa mbwa anayeyumba, uliza maswali mawili. Amechanjwa, na cheti kiko wapi? Tabia yake imebadilika? Mbwa mwenye ugonjwa wa mgongo ana maumivu, lakini akili yake ni ile ile. Anakujua, anataka maji, anameza vizuri. Asiyechanjwa, anayetokwa na mate mengi, asiyekutambua au anayeshindwa kumeza, mfungie mahali peke yake na umwite daktari wa mifugo. Usitie mkono kinywani mwake asilani. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kudungwa sindano siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na huyo wa rungu aambiwe kwamba ubongo wa mbwa ndio upimwao katika maabara. Akiupondaponda hakuna atakayejua ukweli.

Homa za kupe nazo humlegeza mbwa akashindwa kusimama, lakini huyo ana joto, ufizi wake umepauka, na udhaifu uko mwili mzima. Distempa, inayowashika hasa watoto wa mbwa wasiochanjwa, huanza kwa makamasi na matongo na baadaye huleta mtukutiko wa misuli. Haya daktari atayatenganisha kwa kipimo cha damu na maswali machache.

Kuna mnyoo mmoja, hata hivyo, unaostahili aya yake mwenyewe kwa kuwa unajulikana sana kwa mbwa wa Kenya. Wataalamu huuita Spirocerca lupi. Mbwa huupata kwa kumla yule dundu anayeviringisha mavi, au kwa kula matumbo mabichi ya kuku aliyemdonoa dundu huyo. Mnyoo husafiri kupitia mshipa mkuu wa damu wa kifuani, ulio jirani na uti wa mgongo, kisha hujenga kivimbe katika umio. Njiani huziudhi pingili za kifua, nazo huota mifupa ya ziada kwa chini. Mbwa hukonda, hucheua chakula, na mgongo wake hukakamaa. Vile vidonge vya kawaida vya minyoo nilivyokuwa nimevinunua havitoshi kumwondoa huyu. Ukimlisha mbwa wako matumbo ya kuku, yachemshe kwanza.

Wenye mbwa wakubwa nao wana yao. Doberman wa makamo na Great Dane angali kijana huweza kubanwa ugwe shingoni, wakatembea kwa miguu ya nyuma iliyopanuka na kuyumba huku ile ya mbele ikipiga hatua fupi za kukakamaa. German Shepherd, mlinzi wa nyumba nyingi mjini, akifikia umri wa miaka 8 hivi anaweza kuanza kuburura mguu mmoja wa nyuma, kisha wa pili, bila maumivu yoyote. Huo ni ugonjwa wa ugwe wenyewe kuoza polepole. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2009 na tiba yake haijapatikana, ingawa mazoezi ya kiasi husaidia kuchelewesha. Ukiona udhaifu bila maumivu katika mbwa mzee wa aina hii, mwulize daktari kuhusu jambo hilo kabla hujatumia fedha zote kwenye diski. Na anayenunua mtoto wa Ridgeback, mbwa yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ampapase ngozi kuanzia kisogoni hadi mkiani. Kijitundu chenye kishungi cha nywele huweza kuwa mfereji unaoingia mpaka karibu na uti wa mgongo, na uchafu ukipita humo huleta maafa. Ni kasoro ya kuzaliwa inayofungamana na mstari huo huo wanaousifu.

SAA ZA KWANZA

Turudi kwa Bosi. Nilimtoa rafu ya kabati la vyombo, nikaifunika blanketi, na watu wawili tukamtelezesha juu yake bila kumkunja, mmoja akishika kichwa na mabega, mwingine nyonga. Hivyo ndivyo inavyopasa, hasa kwa mbwa aliyegongwa na gari au kuanguka kutoka ghorofani, kwa maana pingili iliyovunjika ikitikiswa hukata kile kilichosalia. Katoni halifai, hupinda. Mfunge mdomo kwa tai au kitambaa laini ikiwa hatapiki na anapumua vizuri, kwani mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Hata wangu.

Usimpe dawa za watu. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki tunazoweka kabatini zinaweza kumharibu mbwa ini, tumbo na figo. Lipo pia jambo jingine. Hata kama dawa ingemtuliza, angesahau maumivu yake, akaruka, na diski iliyochanika kidogo ikapasuka kabisa. Kwa wakati huu maumivu ndiyo yanayomlaza. Dawa uliyompa tayari, mwambie daktari bila kuona haya, kwani ziko sindano ambazo zikikutana na vidonge hivyo hutoboa tumbo.

Daktari tuliyempata alikuwa mzee wa makamo, mpole. "Daktari," nikamwambia, "nadhani amelishwa sumu." Hakunijibu. Alimwita Bosi jina kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Macho yakazunguka, kichwa kikabaki pale pale. Akakunja unyayo wa nyuma, ukabaki umekunjika. Halafu akakibana kidole cha mguu kwa koleo, na Bosi akageuka kwa macho na kutoa mguno wa hasira. Daktari akatabasamu. Akanieleza kwamba mguu kujivuta peke yake si kitu, unaweza kujivuta hata ugwe ukiwa umekatika. Cha maana ni mbwa mwenyewe kujua kwamba ameumizwa. Wale ambao bado wanasikia maumivu vidoleni, zaidi ya 8 katika kila 10 wakifanyiwa upasuaji hutembea tena. Walioacha kabisa kusikia, ni kama nusu tu, na kwao kila saa inayopita ina uzito. Si kazi ya kujaribu nyumbani kwa koleo la fundi, msomaji. Mwachie daktari.

Kisha akauliza, "Ilianza lini?"

"Leo asubuhi," nikajibu.

"Hapana, Baba," binti yangu akasema. "Ilianza siku ile alipoacha kupanda kochi."

Tukahesabu kwa vidole. Siku 11. Daktari akainama akamwuliza yeye maswali yaliyobaki, si mimi, naye akajibu yote: ndoo, ukelele, mguu ulioinuliwa, lini alikojoa. Tulipofika nyumbani nilimwomba mtoto radhi.

Picha ya eksirei ya kawaida haionyeshi ugwe, lakini huonyesha kama kuna mfupa uliovunjika na mahali diski zilipobanana. Upasuaji wa mgongo ni ghali, na si kila kliniki iliyo na vifaa wala mkono wake. Kwa wakazi wa Nairobi, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete kina kliniki ya wanyama wadogo, na popote ulipo una haki ya kuuliza kama anayemtibu mbwa wako amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kwa Bosi, kwa kuwa alikuwa angali anasikia na kusukuma miguu, tulianza na tiba ile isiyohitaji kisu, nayo ni kufungiwa. Dawa za kupunguza uvimbe alizipima daktari. Lililobaki lilikuwa letu.

Kufungiwa maana yake si kuambiwa, "Bosi, kaa." Ni wiki 4 hadi 6 ndani ya nafasi ambayo mbwa anaweza kusimama, kugeuka na kulala, basi. Sisi tulitumia kitanda cha zamani cha mtoto, kile chenye vyuma pande zote, tukatandika magunia chini ili asiteleze. Alitolewa kwenda haja tu, akiwa amefungwa ukanda wa kifuani na taulo limepita chini ya tumbo. Kibofu tulikikagua asubuhi na jioni kwa mkono, kama tulivyoonyeshwa. Wiki ya kwanza ni ngumu kwa sababu ya huruma. Ya tatu ni ngumu zaidi kwa sababu mbwa amepata nafuu na analia atoke, na ninyi mnaona hakuna haja tena. Wengi humwachilia hapo, na wengi hurudi kwa daktari hapo. Diski haiponi kwa kasi ya furaha ya mbwa.

Baada ya hapo mambo mengine yabadilike nyumbani. Ukanda wa shingo ubaki wa kitambulisho tu, na kamba ifungwe kwenye ukanda wa kifuani. Hapa nina neno kwa wenye mbwa wa ulinzi wanaofungwa mnyororo mchana kutwa langoni. Kila apitapo mtu, mbwa huyo hukimbia kwa nguvu zake zote mpaka mnyororo umkate mbio kwa shingo. Hesabu mara ngapi kwa siku, kisha mara ngapi kwa mwaka. Mfungie ndani ya ua au kibanda kikubwa. Mnyororo haumfanyi mkali zaidi, humfanya mgonjwa. Mbwa mnene apunguzwe uzito, maana kila kilo ya ziada inabebwa na zile pingili. Na abebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umelala sawa kama ubao.

Bosi anatembea. Huyumba kidogo akigeuka kona, na ukucha mmoja wa nyuma bado unakwaruza sarujini, kwa hiyo tunamsikia kabla ya kumwona. Sahani yake imewekwa juu ya matofali mawili. Jumapili iliyopita, wakati wa chakula cha mchana, alikuja mbele ya kochi, akalitazama, kisha akaweka mguu mmoja wa mbele juu yake. Sote tukaacha kula. Binti yangu akainuka, akatia mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, akamweka juu ya kochi. Mama yake alitazama kando kana kwamba hakuona kitu.